Majembe Kumi na Mawili Juu

Jumatatu, 2 Juni

Pasipoti kumi na tisa leo. Wanachuo watupu, wamekuja kwa mkupuo kama waliopigiwa filimbi. Kaa. Inua kidevu. Usicheke. Vua miwani. Anayefuata.

Mmoja alicheka mpaka nikacheka na mimi. Mzee Ishengoma akakohoa kutoka kwenye meza yake. Studio yake, sheria zake. Kwenye pasipoti hakuna kucheka, hata kwa mpiga picha.

Mtu anayekaribia kufumba macho hujitangaza. Mabega yanashuka kidogo, shingo inalegea. Nawaona mapema. Hilo ndilo lililonipa kazi hii. Mwaka jana nilikuja hapa Buzuruga kupigwa picha ya kadi ya hospitali, kwa ajili ya goti. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amefumba macho mara tano mfululizo na Mzee jasho linamtoka. Nikasema tu, "Sasa." Akabonyeza. Macho yakatoka wazi kama ya sato sokoni. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema sijawahi kushika kamera, nilikuwa mchezaji wa bugobogobo, ngoma ya majembe, miaka kumi na mmoja. Ukicheza na watu wenye majembe mikononi unajifunza kujua mwenzako atafanya nini kabla hajafanya, la sivyo utarudi nyumbani bila sikio. Akaniambia njoo Jumatatu.

Goti limevimba. Nimekaa sana.

Jumatano, 4 Juni

Manju Masanja amekuja studio. Kiongozi wa ngoma yetu. Ya kwao, niseme sasa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akitazama goti langu, siyo uso.

Kuna tamasha la ngoma Dar. Kila kikundi kinatakiwa kupeleka picha moja, moja tu, inayoonyesha kile ambacho wao peke yao wanakifanya. Mwisho wa kupokea ni Jumanne ya tarehe 24. Watakaopendeza wataitwa.

Chetu ni kimoja na kila mtu anakijua: mwisho wa mchezo majembe yote yanarushwa juu kwa pamoja na kudakwa kwa pamoja. Hakuna picha yake hata moja. Limi, mdogo wangu, amejaribu kwa simu tangu mwaka juzi. Anazo picha nyingi za watu wanaotazama mawingu.

Na Manju harudii. Majembe yote yanarushwa mara moja tu kwa siku ya mazoezi. Zamani aliwahi kurudia kuwafurahisha wageni, mikono ilikuwa imechoka, jembe likamshukia mtu begani. Tangu hapo ni mara moja, hata aje nani. Na mazoezi ni Jumamosi tu. Kwa hiyo Jumamosi tatu, nafasi tatu.

Mzee alitaka kwenda mwenyewe. Nikaomba. Nilishangaa jinsi nilivyoomba, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Akanitazama sana, akasema, "Binti, sheria ni mbili tu. Jua liwe nyuma yako. Na kivuli chako kisionekane kwenye picha. Kivuli cha mpiga picha ni aibu, ni sawa na fundi kusahau sindano kwenye suti ya bwana harusi."

Nimepewa kamera kubwa! Nimeilaza kitandani, imefunikwa khanga. Mama anauliza kama inakula.

Jumamosi, 7 Juni

Igombe, uwanja wa mchanga mgumu karibu na ziwa. Mara ya kwanza kukanyaga pale tangu goti liniachishe ngoma. Walinipokea kwa vigelegele na michembe ya viazi iliyochemshwa. Nimekula kama mtu aliyetoka kifungoni.

Kisha wakapanga mstari. Kumi na wawili. Na katikati pengo.

Pale ni pangu. Nilikuwa wa saba, sita kushoto, sita kulia. Nilidhani wameshaziba. Manju anasema hajapata mtu, na huku wasichana wanamganda kila wiki. Sipendi. Pengo lile linanitazama kama jino lililong'olewa. Limi anacheza jirani nalo na kila wakigeuka analizunguka kwa heshima, kama kuna mtu amelala pale. Bora wangeliziba tu.

Lakini ngoma kubwa ilipoanza nilisahau yote. Nimepiga picha mia mbili na kumi na nne. Nimeona kila kitu. Majembe yaliporuka nilikuwa nayo palepale, nimeyasikia mwilini. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumapili, 8 Juni

Zote zimetikisika.

Mia mbili na kumi na nne. Zote. Watu wamekuwa moshi. Majembe yapo juu, ndiyo, yanaonekana kama kunguru ndani ya ukungu.

Jumatatu, 9 Juni

Mzee hakukasirika, na hilo ndilo baya. Alizipitia moja moja kwenye kompyuta, taratibu, kama daktari. Akaniuliza kama nina malaria. Nikasema sina. Akamwita Limi, aliyekuja kuniletea chakula: dada yako alikuwa anafanya nini juzi uwanjani? Limi akasema bila haya, "Alikuwa anacheza, babu. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hata sisi tulicheka."

Mimi! Sikujua. Naapa sikujua. Nilidhani nimesimama.

Nikamwomba Mzee anifundishe kupiga mfululizo, picha nyingi kwa mbonyezo mmoja. Akakataa: kamera ina umri wa Limi, ukiifanyia hivyo inakwama. Moja moja, kama zamani. Amesema Jumamosi nisimame kama nguzo ya umeme. Mguu usitoke chini.

Nguzo ya umeme. Mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Nafanya mazoezi ya kutokucheza. Muziki wa duka la jirani hauzimwi kuanzia saa mbili asubuhi. Nasimama nyuma ya stendi ya kamera na kubana kila kitu: vidole vya miguu, mapaja, meno. Mteja mmoja ameniuliza kama choo kiko karibu, nisijisikie vibaya, niende tu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesimama. Mungu ni shahidi. Ngoma inanivuta kwa nyayo na mimi nimesimama, meno yamebanwa, kama ninang'olewa kucha. Manju ananitazama kwa jicho la pembeni. Nadhani alidhani nimenuna.

Picha hazijatikisika hata moja. Kila uso unaonekana, kila ushanga. Na majembe yote kumi na mawili yameonekana vizuri sana, yamekwisha kudakwa, yamo mikononi mwa wenyewe.

Nimechelewa. Nimepiga picha ya watu wameshika majembe. Mkulima yeyote wa Magu angepiga hiyo.

Nimelia kidogo kwenye mawe. Kisha nikanawa uso ziwani na kula dagaa wa kukaanga, maana ukishalia na njaa unalia mara mbili.

Jumatatu, 16 Juni

Mzee amesema waziwazi. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Nikikosa, kamera ya uwanjani naisahau, nabaki na kigoda cha pasipoti. Siyo kwa ubaya, anasema. Kuna watu wa ndani na watu wa nje.

Na kikundi kinakosa Dar. Hilo hakulisema. Nalijua mwenyewe. Watu kumi na wawili, mmoja wao ni Limi, ambaye tayari ameuliza bahari ina chumvi kiasi gani.

Mzee alitaka tena kwenda mwenyewe. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ambayo siyo ya mwajiriwa. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Sawa," akasema. Halafu akaninunulia soda. Wahaya hawa, huwezi kuwamaliza.

Jumanne, 17 Juni

Najua tatizo na halinisaidii.

Nikicheza, najua saa. Nikisimama, sijui saa. Kile kitendo hakionekani kwa macho. Visigino vinagonga mara mbili, ngoma kubwa inanyamaza, unarusha, unahesabu moja kimoyomoyo, unainua mikono kudaka. Majembe yanasimama juu kwenye ile moja. Ukingoja uyaone, yamekwisha kushuka. Lazima uwe umehesabu na wenzako. Na mimi siwezi kuhesabu na miguu iliyokufa.

Kwa hiyo nichague. Picha ya ukungu iliyo kwa wakati, au picha safi iliyochelewa. Asante sana.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeipata!!

Niandike kwa mpangilio. Bomba la kwetu Buswelu limekata maji tangu jana. Jioni tukaenda kisimani, mimi na Limi. Goti linaruhusu ndoo ya lita kumi kichwani, siyo ya ishirini. Tunarudi, Limi nyuma yangu ana dumu tupu la ziada, akaanza kulipiga. Ngoma yetu, ile ya mwisho kabisa. Makusudi. Ananichokoza tangu azaliwe.

Na mimi nikacheza. Barabarani, na ndoo kichwani, mbele ya mama muuza nyanya. Kidogo kidogo, nyonga na miguu, goti la kulia nalibembeleza. Visigino mara mbili. Kimya. Moja.

Mama muuza nyanya akasema, "Na maji hayajamwagika!"

Nikasimama pale kama nimeona simba. Limi akanigonga kwa dumu mgongoni.

Hayajamwagika. Bila shaka hayajamwagika! Manju alitufundisha sote hivyo, mwaka mzima wa kwanza, kabla hujapewa jembe. Beseni la maji kichwani. Ukimwaga unarudi mwanzo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nililowa kila jioni kwa miezi minne. Alikuwa anapiga kelele kutoka upande wa pili wa uwanja: miguu icheze, maji yatulie! Kiunoni kwenda juu ni mtu mwingine!

Na mimi hapa, majuma mawili mazima, ama nacheza mwili mzima ama nabana mwili mzima. Kama mtu ambaye hakufundishwa. Mjinga mimi. Mjinga mwenye furaha.

Kamera ni beseni. Basi. Ndiyo hivyo tu.

Nimefanya mazoezi uani na kamera usoni na bakuli la maji kichwani. Mama ametoka, ametazama, amerudi ndani. Nikamsikia anamwambia Limi nisaidiwe kwa maombi.

Ijumaa, 20 Juni

Bakuli halijamwagika mara saba mfululizo. Mara ya nane nililowesha kuku.

Sina hamu ya kula. Na mimi nakosa hamu ya kula mara chache sana.

Jumamosi, 21 Juni

Walichelewa kuanza. Ngozi ya ngoma kubwa ililegea, ikabidi iwashiwe moto wa nyasi ikaze. Jua linashuka na mimi nakufa taratibu. Kila dakika kivuli changu kinarefuka mbele yangu. Jua nyuma, ziwa nyuma, sheria ya kwanza iko sawa. Sheria ya pili inazidi kuwa ngumu. Nilisogea kushoto, kisha kulia. Kutoka pembeni wachezaji wanafunikana, majembe hayahesabiki. Picha iko sehemu moja tu. Katikati. Kutazamana na pengo langu.

Nilikwenda pale. Nilisema basi, kivuli nitakifikiria baadaye.

Ngoma ikaanza. Nikaacha miguu iende. Loo, miguu! Ilikuwa kama kuvua viatu vya kubana baada ya harusi. Goti likauma kidogo, nikaliambia subiri zamu yako. Kiunoni kwenda juu nikabeba beseni. Nilimsikia Manju akicheka, katikati ya wimbo. Nafikiri alinielewa palepale.

Sikupiga picha hata moja wakati wote ule. Hata moja. Nilikuwa nangoja nikiwa ndani.

Visigino. Visigino. Kimya. Mikono yangu ilitaka kurusha. Ikashika kamera. Moja.

Nikabonyeza.

Majembe yakashuka, yakadakwa, paa, kwa sauti moja. Vumbi. Vigelegele. Nilikaa chini mchangani kwa sababu goti lilidai zamu yake. Limi akaja akikimbia, jembe mkononi, nikamwambia akae mbali na kamera yangu. Sikutazama. Niliogopa. Nimetazama nilipofika nyumbani, mlango umefungwa.

Yapo. Kumi na mawili. Juu, yamesimama, jua limeyapaka rangi ya machungwa upande mmoja. Nimeyahesabu mara nne kwa kidole. Kila mchezaji mikono mitupu, uso juu. Hakuna aliyetikisika.

Na katikati, mchangani, kirefu kutoka chini ya picha mpaka kwenye pengo, kivuli changu.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa naomba kivuli kiondoke.

Hakijaondoka.

Jumatatu, 23 Juni

Nilimpa Mzee asubuhi, kabla ya wateja. Alisogeza kiti. Akavua miwani, akasogea tena. Muziki wa duka la jirani ulibadilika wimbo, yeye bado anatazama.

Kisha akasema, "Umeyapata." Na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya kijana. Miaka arobaini amepiga picha, akasema, na hajawahi kuliwahi jambo kama hili.

Halafu akaona kivuli.

Alisema tutakikata. Akajaribu kwa chini: kivuli kinaondoka na miguu ya wachezaji inaondoka nacho. Akajaribu kukifuta kwa kompyuta: mchanga ukabaki na doa kama mafuta ya taa yamemwagika. Akanuna. Akasema picha ni bora na picha ni aibu, zote mbili, na hajui la kufanya, na kesho ndiyo mwisho.

Nikasema mwenye picha ni Manju, aamue yeye. Tukampigia. Akaja kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Alitazama akiwa amesimama. Akaanza kuhesabu kwa kidole, siyo majembe, watu. Kushoto: sita. Akafika katikati, kidole kikasimama juu ya kivuli. Mikono yangu ilikuwa imeinua kamera, viwiko nje, nyonga imeenda upande. Kwenye mchanga kamera haionekani. Kinachoonekana ni mtu aliyerusha jembe na anangoja kudaka.

"Saba," akasema Manju. Akaendelea. "Nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu."

Mzee akaanza kueleza habari ya kukata. Manju akamkatiza kwa adabu zote. "Mzee mwenzangu, hapo mnataka kumkata mtu wangu."

Nilitoka nje. Nikajifanya natazama mabasi. Nililia vizuri kabisa, na safari hii sikuwa na njaa.

Niliporudi picha ilikuwa imeshatumwa. Nzima. Mzee alikuwa anachapa nakala yake kubwa ya kuweka dirishani, akinung'unika kuwa sheria ya kivuli bado ipo, nisije nikazoea.

Nikamuuliza Manju, kwa nini hukuziba lile pengo? Akanitazama kama nimeuliza kwa nini ziwa lina maji. Akasema alishaniambia, hajapata mtu. Akapanda bodaboda yake.

Jumatano, 2 Julai

Goti bado limevimba tangu Jumamosi ile. Daktari ananisema. Nimemwambia sikuruka, nilicheza tu. Hajaona tofauti.

Maharusi wawili wameomba nipige mimi. Wameiona picha dirishani. Mmoja ameuliza kama ni kweli nacheza huku napiga. Nikasema ni kweli. Akasema basi ndiyo sababu.

Ijumaa, 11 Julai

Wameitwa Dar. Limi amepiga kelele mpaka jirani kaja na fimbo akidhani ni nyoka.

Kila anayesafiri anajaza fomu na kubandika picha ya pasipoti. Wamejaa studio asubuhi, jasho na kicheko, nikawapiga mmoja mmoja. Kaa. Inua kidevu. Usicheke. Limi peke yake amenimalizia nusu saa.

Walipokwisha, Manju akatoa fomu moja zaidi kutoka mfuko wa shati. Imejazwa tayari. Jina langu. Chini yake, kazi katika kikundi: mchezaji. Nikamwambia amekosea, aandike mpiga picha. Akasema yeye ameandika alichokiona.

Nikakaa kwenye kigoda. Mara ya kwanza tangu kadi ya hospitali. Mzee Ishengoma nyuma ya kamera. Muziki wa duka la jirani unaendelea. Akasema tulia. Nikatulia. Akainama kutazama chini ya kigoda, akaona mguu wangu unacheza. Nikangoja karipio.

Alinyooka, akaweka kidole kwenye kitufe na kuningoja. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Sasa," akajiambia, na akabonyeza.

Macho yako wazi. Nimecheka kidogo. Ameiacha hivyohivyo.